Njia ya Kalemie–Niemba: makelele ya kabine yanamaliza masikio ya mashofa, lakini yanaweza kupunguzwa

Shofa anayepeleka simenti, chumvi na bidhaa za dukani kutoka Kalemie hadi Niemba, kisha anarudi na mahindi na mihogo, anazijua hatari za njia: matope, madaraja mabovu, na siku ambazo usalama hauko mzuri. Kuna hatari moja ambayo haizungumzwi sana kwenye maegesho. Ni makelele ya moteri iliyo chini ya kiti chake. Hayaui mtu kwa siku moja. Yanachukua masikio kidogo kidogo, na yakishayachukua hayayarudishi.

Niemba iko kiasi cha kilomita 100 magharibi ya Kalemie, kwenye bonde la mto Lukuga, jimboni Tanganyika. Wengi duniani walilisikia jina lake mara ya kwanza tarehe 8 Novemba 1960, pale wanajeshi 9 wa Ireland wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walipouawa karibu na daraja la mto Luweyeye, katika mapigano ambamo Baluba pia walipoteza watu wao. Kwa wakaaji wa Tanganyika, Niemba ni kwanza kituo cha reli. Njia ya reli kutoka Kabalo ilifika Kalemie, iliyokuwa ikiitwa Albertville, mwaka 1915, nayo ina urefu wa kilomita 273. Treni inapochelewa au isipopita, mzigo unahamia barabarani. Ndipo Fuso, Howo na Mercedes za zamani zinapobeba maisha ya watu.

Mengi ya magari hayo yana jambo moja linalofanana: kabine imekaa juu ya moteri. Shofa hana kapo ndefu mbele yake ya kumtenga na moto na makelele. Kati ya miguu yake na moteri kuna bati moja, zulia lililochakaa, na mara nyingi matundu ambayo fundi wa zamani aliyafungua ili kupitisha waya, kisha hakuyafunga.

Makelele yanaingia kwa njia mbili

Mafundi wanaofanya kazi hii wanaanza kwa kutenganisha njia mbili ambazo kelele inapitia.

Njia ya kwanza ni hewa. Popote hewa inapopita, kelele nayo inapita: tundu la waya, mpira wa mlango uliokatika, ngozi ya gia iliyopasuka, nafasi chini ya pedali. Tundu dogo linaharibu kazi kubwa. Kama ukuta mzima ni mzuri lakini asilimia 1 ya eneo lake iko wazi, ukuta huo hauwezi kupunguza kelele zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ungekuwa wa zege.

Njia ya pili ni bati lenyewe. Moteri inatetemesha chasi, chasi inatetemesha kabine, na bati pana la sakafu, la mgongo wa kabine na la paa linalia kama ngoma. Hapa hakuna tundu la kufunga. Bati lenyewe ndilo limegeuka kipaza sauti.

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya. Gonga bati la mlango katikati kwa kifundo cha kidole. Likilia kwa muda, kama sufuria tupu, linaongeza makelele njiani. Likitoa mlio mfupi na mzito, kama kugonga gogo, liko sawa.

Sikio linaharibika kimya kimya

Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyogeuza sauti kuwa habari inayokwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa ya muda mrefu inavilaza, kisha inaviua. Kwa binadamu haviwi vipya. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mizizi inayovirudisha.

Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Juu ya hapo, kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda kwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, kwa 94 ni saa 1. Sasa hesabu safari ya Niemba wakati wa mvua. Gari linaweza kukaa njiani siku nzima, likikwama, likivutwa, moteri ikilia kwa gia ya kwanza na ya pili.

Si lazima uwe na mashine ya kupimia. Kama wewe na konvoyeri wako mmekaa bega kwa bega na inabidi mpaze sauti ili msikilizane, kelele imefika karibu na desibeli 85 au imezipita. Programu za simu za kupima sauti zinasaidia kukadiria, ingawa simu ya bei ndogo haisemi ukweli wote.

Dalili za kwanza zinajulikana. Baada ya safari masikio yanalia, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Asubuhi mlio unaisha, na shofa anadhani amepona. Baada ya miaka, mlio hauishi tena. Sauti nyembamba ndizo zinapotea kwanza: anasikia kwamba mtu anasema, lakini haelewi anasema nini. Anaendelea kusikia moteri vizuri, ila sauti ya mtoto wake inampita. Nyumbani wanasema amekuwa mkali na hataki mazungumzo, kumbe hasikii.

Tatizo hili si la Kongo peke yake. Katika ripoti yake ya mwezi wa tatu 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kufikia mwaka 2050 watu karibu bilioni 2.5 watakuwa na upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha tangu 1977 mkataba namba 148 juu ya hewa chafu, makelele na mtikiso kazini. Jambo hili linajulikana tangu zamani, ila halijafika kwenye sakafu ya kamio.

Kuna pia hatari ya siku ileile. Shofa aliyezingirwa na makelele anachoka upesi. Hasikii gurudumu linalotoa upepo, hasikii pikipiki iliyo upande wake, hasikii konvoyeri anayepiga bodi kumwambia asimame. Na kwenye njia inayofuatana na reli, ni vizuri mtu aweze kuisikia treni.

Njia ya Niemba si lami ya Ulaya

Maelekezo mengi yanayopatikana juu ya kazi hii yameandikwa kwa magari yanayokwenda kilomita 90 kwa saa kwenye lami. Huko adui mkubwa ni upepo na milio ya magurudumu, kwa hiyo wanaanza na milango na paa.

Huku kwetu hali ni nyingine. Gari linakwenda polepole na upepo si kitu. Kinacholia ni moteri inayovuta kwa gia ndogo, gia boksi, bomba la moshi, na vitu vilivyolegea vinavyogongana kwenye mashimo. Mashofa wengi pia wanafungua dirisha kwa sababu ya joto. Dirisha likiwa wazi, kazi yote uliyoifanya kwenye mlango inapotea.

Kwa hiyo mwenye pesa kidogo aanze chini: kifuniko cha moteri, sakafu, na ukuta wa mbele penye pedali. Baadaye aende kwenye mgongo wa kabine. Paa lifuate, kwa sababu mbili: mvua inayopiga bati jembamba inaziba masikio, na jua la mchana linageuza kabine kuwa tanuru. Milango iwe ya mwisho. Sakafu iliyofunikwa vizuri ina faida nyingine: inapunguza joto la moteri linalopanda miguuni, na kabine yenye joto pungufu inamruhusu shofa kufunga dirisha nusu na kukwepa vumbi.

Kabla ya kununua chochote

Nusu ya makelele ya kamio la zamani mara nyingi ni ugonjwa wa gari lenyewe. Kufunika ugonjwa si kuutibu. Mambo haya yaangaliwe kwanza:

– Bomba la moshi lililotoboka au jointi yake iliyoungua. Hili ni zaidi ya kelele: moshi unaoingia ndani ya kabine una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, inayoweza kumuua aliyelala ndani huku moteri ikiunguruma.
– Mipira inayoshika moteri na ile inayoshika kabine. Ikikauka na kupasuka, chuma kinagusa chuma, na mtetemo wote unapanda juu.
– Boloni zilizolegea, vifuniko vya plastiki, betri isiyofungwa, jeki na funguo zinazotembea chini ya kiti.
– Mipira ya milango, na ngozi ya mahali gia inapotokea.

Kazi hizi zinafanyika kwenye garaje yoyote ya Kalemie, na nyingine shofa anaweza kuzifanya mwenyewe akisubiri mzigo.

Vitu vitatu, kila kimoja na kazi yake

Kosa linaloonekana sana ni kufikiri kwamba kitu chochote laini kinazuia kelele. Kuna kazi tatu tofauti, na kila moja ina kifaa chake.

Cha kwanza ni cha kutuliza bati. Ni shiti nzito inayonata, ya mpira wa butili, yenye karatasi ya aluminiamu juu, unene wake karibu milimita 2. Inapogandishwa juu ya bati, mtetemo unageuka joto dogo ndani ya mpira na bati linaacha kulia. Si lazima kufunika kila sentimita: kufunika robo hadi nusu ya bati, hasa katikati yake, kunaleta sehemu kubwa ya faida. Zipo pia shiti za lami, za bei ndogo. Lakini kwenye joto letu lami inalainika, inatoa harufu, na ikiwekwa kwenye paa inaweza kuachia na kumwangukia mtu.

Cha pili ni cha kutenganisha: sponji yenye vitundu vilivyofungwa, ya aina ile ya mikeka ya kulalia safarini au ya soli za kandambili. Hainywi maji. Inakaa juu ya ile shiti.

Cha tatu ni cha kuzuia: tabaka zito linalolala juu ya sponji bila kugusa bati. Kanuni yake ni rahisi: uzito ukizidishwa mara mbili, kelele inayopita inapungua kwa desibeli karibu 6. Nje wanauza plastiki nzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Huku, mpira mzito wa sakafu, au mpira wa mkanda wa mashine uliokwisha kazi, unafanya sehemu ya kazi hiyo. Mpira wa ndani wa gurudumu uliokatwa na kutandazwa unasaidia kidogo, lakini hauchukui nafasi ya shiti inayonata, kwa sababu haushiki bati.

Uzito usimtishe mtu. Shiti ya butili ina kilo 2 hadi 4 kwa mita moja ya mraba. Shiti za kabine nzima hazitafikia uzito wa mfuko mmoja wa simenti.

Usitumie sponji ya godoro

Hapa ndipo maisha yanapoingia. Kwa kuwa sponji ya godoro iko kila soko, wengi wanaikata na kuijaza chini ya zulia, ndani ya milango na kuzunguka kifuniko cha moteri. Ni hatari kwa sababu tatu.

Kwanza, inawaka upesi sana, na moshi wake una monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni, gesi mbili zinazomzimisha mtu kabla moto haujamfikia. Shofa na konvoyeri wake wanalala ndani ya kabine hiyo. Pili, inakunywa maji kama kitambaa. Baada ya mvua au kuvuka mto, inabaki imelowa kwa wiki, na bati linaoza chini yake bila mtu kuona. Tatu, ni nyepesi: haizuii mngurumo mzito wa moteri, inapunguza kidogo tu sauti nyembamba.

Hata vifaa vizuri visiwekwe karibu na bomba la moshi wala turbo. Upande wa chini wa kifuniko, ule unaotazama moteri, unahitaji kitu kilichotengenezwa kustahimili moto. Kama hakipatikani, afadhali kufanya kazi upande wa ndani peke yake.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Siku mbili zinatosha kwa watu wawili, wakati gari liko kwenye matengenezo mengine.

1. Toa waya wa betri. Ondoa viti, zulia na vifuniko. Weka boloni za kila sehemu kwenye kopo lake.

2. Osha sakafu, ikauke kabisa. Kwangua kutu mpaka chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, subiri ikauke. Kubandika juu ya kutu au mafuta ni kutupa pesa: shiti itaachia ndani ya mwezi.

3. Pangusa kwa pombe kali ya kusafishia. Usitumie petroli ndani ya kabine. Mvuke wake unabaki chini, na cheche moja inatosha.

4. Gari likae juani kidogo. Bati la vuguvugu linashika vizuri. Kata shiti, toa karatasi yake, bandika kuanzia katikati, kisha sukuma kwa rola au mgongo wa kijiko mpaka michoro ya aluminiamu ilale na upepo wote utoke. Angalia kingo, zinakata mikono kama wembe.

5. Ziba matundu yote. Kila waya upite ndani ya mpira wake, usisuguane na chuma.

6. Tandaza sponji yenye vitundu vilivyofungwa, kisha tabaka zito, vipande vikutane bila nafasi kati yao.

7. Rudisha zulia na viti. Kabla ya kuwasha moteri, kanyaga kila pedali mpaka mwisho, mara nyingi, na uone inarudi yenyewe. Sakafu imekuwa nene kuliko zamani. Pedali ya mafuta inayokwama chini ya zulia kwenye mteremko ni ajali tayari.

8. Usizibe matundu ya kutoa maji chini ya milango, wala njia za hewa. Pindua kabine mara moja ukiwa umeitoa vitu vyote vilivyolegea, ukague moteri, kisha uirudishe na uhakikishe kufuli imeshika pande zote.

Baada ya hapo, gonga tena bati lile lililokuwa likilia.

Mtu asitegemee kimya cha gari la waziri. Kazi iliyofanywa vizuri kwenye kamio la zamani inaondoa desibeli chache. Lakini kumbuka hesabu ya juu: desibeli 3 tu zinazidisha mara mbili muda ambao sikio linaweza kuvumilia. Desibeli 6 zinauzidisha mara nne. Na mngurumo ukipungua, honi, pikipiki na sauti ya konvoyeri vinasikika vizuri zaidi.

Kitu kimoja kinaweza kuharibu faida yote: redio. Shofa aliyezoea kufungulia muziki ili ushinde moteri aupunguze sasa. Vinginevyo amebadilisha kelele moja kwa nyingine.

Nani alipe?

Mara nyingi anayeendesha siye mwenye gari. Mwenye gari anaweza kuuliza: masikio ya shofa yananihusu nini?

Yanamhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni sheria. Kodi ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri aangalie afya na usalama wa wafanyakazi wake, na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya usalama wa jamii inaweka magonjwa ya kazini kati ya hatari zinazolindwa na mfuko wa CNSS. Lakini ulinzi huo ni wa mfanyakazi aliyeandikishwa. Shofa anayelipwa safari kwa safari, bila mkataba ulioandikwa, atapata shida kuudai siku masikio yatakapozimika. Kuomba kuandikishwa si ukaidi, ni haki.

Ya pili ni faida. Shofa mzuri anaendesha kwa masikio kama kwa macho. Anasikia beringi inayoanza kusaga, mkanda unaopiga kelele, upepo unaovuja kwenye breki. Akisikia mapema, ni matengenezo ya saa moja. Asiposikia, ni kamio lililolala kati ya Niemba na Nyunzu na mahindi ya watu yanayoota ndani ya mvua. Pesa ya shiti chache za butili inarudi kwenye safari moja iliyookolewa.

Kwa shofa asiye na la kufanya kwa sasa, kuna hatua zisizo na gharama: kuzima moteri kila anapokaa kusubiri, kupumzisha masikio mbali na gari jioni, kukaza boloni, kuziba matundu kwa mpira wa zamani. Na mwenye kusikia mlio usioisha, au ambaye watu wa nyumbani wanamwambia kila siku kwamba amewajibu vibaya, aende hospitali kupimwa sikio. Wakati mwingine ni uchafu tu uliokauka, na unatolewa siku hiyohiyo. Kama ni makelele ya miaka, kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki bado kinaweza kulindwa.